Msumari Nilioutia Kwenye Mkia wa Ndege

Ninawasalimu ninyi mlioketi, na ninyi mliolala ambao mtasomewa maneno haya mkiwa kitandani. Naitwa Mapendo. Wengi wananiita Mama Furaha, kwa jina la binti yangu. Mimi ni fundi wa cherehani hapa Nakivale. Mguu wangu wa kushoto una chuma ndani yake, na nje una kovu refu kama mkono wa mtoto. Nataka niwaeleze mguu huu ulivyovunjika, ulivyooza na ulivyopona. Nitawaeleza na kosa langu pia, kwa sababu aliyeniponya aliona vyote viwili.

Tulitoka milima ya Kivu ya Kusini, upande ambao magari hayafiki. Kwetu dawa ilikuja kwa ndege ndogo iliyotua kwenye majani. Mume wangu Bahati, alipokuwa kijana, alifanya kazi kwenye kile kiwanja. Alifukuza ng'ombe, aliweka mawe chini ya magurudumu, alimshikia rubani spana. Siku moja ndege ile ilimchukua mama yake akiwa mahututi, na baada ya wiki tatu ikamrudisha akitembea. Tangu hapo Bahati hakuweza kuona ndege ikipita bila kusimama. Hata siku aliyokuja kwetu kuniposa, ndege ilipita, akaacha sentensi katikati na kutazama juu. Baba yangu alikasirika. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikicheka, na nikajua huyu ndiye nitakayezeeka naye.

Vita vilitutoa kule, tukafika Uganda. Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, walitupa kiwanja, tukajenga, tukalima mahindi na maharagwe. Mimi nikaweka cherehani yangu sokoni, Bahati akawa anatengeneza pikipiki na mashine za kusaga. Mikono yake ilipendwa. Mashine iliyomshinda kila mtu ililetwa kwake.

Kisha akaanza kukusanya mabomba mepesi ya alumini. Alianza kwa kusema ni ya kitanda. Baadaye akaniita nyuma ya nyumba, akanionyesha simu yake. Kulikuwa na michoro ya ndege ya mtu mmoja, ya kutengenezwa nyumbani. Watu wa nchi nyingine wanazitengeneza katika gereji zao. Nilimuuliza anataka kuipeleka wapi. Akanijibu.

"Fasi yoyote hapana. Nataka nione kama nilielewa."

Nikamwambia vitambaa vya mabawa nitavishona mimi.

Tuliijenga miaka mitatu, chini ya turubai. Injini ilitoka kwenye pikipiki kubwa iliyopata ajali. Seremala mmoja Mrundi alituchongea panga la mbele, lile linalozunguka na kuivuta ndege. Mimi nilishona mabawa kwa uzi mara mbili, na nilijivunia mshono ule kuliko gauni lolote la harusi nililowahi kushona. Majirani walitutania. Wengine walisema tunajenga safina. Lakini jioni walikuja na viti vyao kutazama, na Bahati aliwaeleza kila bomba na kazi yake mpaka wakachoka.

Sasa sikilizeni vizuri habari ya mkia, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Nyuma ya mkia wa ndege kuna ubao mpana unaopanda na kushuka. Rubani anauvuta kwa waya kutoka pale alipokaa. Ubao ukipanda, pua ya ndege inainuka. Ukishuka, pua inainama. Ubao ule unashikwa na bawaba, kama mlango. Wetu ulikuwa na bawaba tatu, na zilikuwa za mlango kwelikweli. Bahati alizinunua Rwekubo, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alitoa vyuma vyake vya katikati akaweka pini alizozitengeneza mwenyewe, kila moja na tundu mwishoni. Kwenye tundu alipitisha kiwaya cha kuzuia pini isichomoke. Kiwaya hicho sisi Wakongomani tunakiita gupiye.

Katika ile michoro kulikuwa na kurasa nyingi za sheria, kwa Kiingereza. Zilisema usifunike kwa kitambaa kabla mtu mwingine hajakagua ndani. Zilisema uombe ruhusa ya serikali, na kwamba ndege isiruke bila cheti. Tuliziruka kurasa zile. Tulidhani sheria ni za watu wenye viwanja na bendera, si za sisi wenye turubai.

Mtu wa kuiendesha nilikuwa mimi. Injini haikuwa na nguvu ya kubeba mwili wa Bahati, na mimi ni mwepesi. Lakini nisiseme uongo, nilitaka. Kwa wiki nyingi nilikuwa nikikaa ndani yake na kuikimbiza ardhini tu, kwenye uwanda wa malisho upande wa Endiinzi, kwa mfugaji mmoja aliyetukubalia. Kila niliposhuka, nilikuwa na furaha mpaka nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi isiyo na upepo. Watu walikuja wengi, wengine kwa baiskeli. Bahati alikagua ndege yote tangu pua hadi mkia, kisha akaenda na mwenye malisho kuwaondoa ng'ombe uwanjani. Mimi nikabaki nyuma. Nikaona kitambaa cha mkia kimelegea karibu na bawaba ya katikati. Fundi wa nguo hawezi kuona mshono uliolegea akauacha. Nikachomoa kiwaya, nikatoa pini ili nipitishe sindano, nikashona, nikakaza. Nilipotaka kuirudisha pini, sikuiona. Ilikuwa imeangukia kwenye majani.

Nilitafuta kwa magoti. Nilipapasa kila mahali. Nikasikia watu wanaanza kupiga makofi kwa sababu ng'ombe wameondoka. Nikajua nikimwambia Bahati, atasema leo basi, turudi nyumbani. Kwenye kikapu changu cha kushonea kulikuwa na msumari. Ulienea vizuri kwenye tundu la bawaba. Nikaukunja ncha kwa jiwe, nikafunika kwa kitambaa. Bahati alirudi akiwa na jasho usoni, akanifunga mkanda kifuani, akanishika shavu.

"Mama Furaha, leo ni kukimbia tu. Ikinyanyuka, usiivute juu. Kimo ya ng'ombe, basi."

Nikamwitikia kwa kichwa. Sikumwambia.

Ndege ilikimbia, majani yakalala pembeni, kisha mtetemo wa magurudumu ukakatika. Hapo ndipo ilipobidi nishuke. Lakini kulikuwa kutamu, ndugu zangu. Niliona migongo ya ng'ombe kwa chini, nikaona kofia za watu. Nikavuta kidogo, na kidogo tena. Walioona wanasema nilifika juu kuliko paa la kanisa letu. Kisha nikasikia nyuma yangu mlio kama wa bati linalopigwa na upepo. Usukani niliokuwa nauvuta ukawa mwepesi, hauna kitu. Pua ikainama. Niliona majani yakija, nikakumbuka kwamba sikufua sare ya shule ya Furaha. Hilo ndilo lililokuwa wazo langu la mwisho, sare.

Nilipopata fahamu nilikuwa na ladha ya damu na petroli mdomoni. Meno mawili yalikuwa ulimini mwangu, nikayatema. Kupumua kulinichoma ubavuni. Nilitazama mguu wa kushoto, nikaona kiatu kimeelekea pasipo pake. Chini ya goti mfupa ulikuwa umetoka nje ya ngozi, mweupe, mdogo, kama ncha ya muhogo uliomenywa. Sikusikia maumivu bado. Yalikuja baadaye, waliponiinua, na nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Bahati alivunja fito za bawa, akaufunga mguu wangu kwa kitambaa nilichokishona mwenyewe. Gari lililokuwa karibu lilikuwa la maziwa. Wakashusha mitungi mingine, mingine ikabaki, nikalazwa katikati yake. Tukapita Rwekubo nikisikia mitungi ikigongana, na njia nzima uso wa Bahati ulikuwa juu ya uso wangu.

"Usilale. Niangalie mu macho. Usilale, mama."

Hospitali ya Mbarara walinipokea, wakanikata nguo kwa mkasi. Daktari alikuwa mwanamume wa makamo, Mnyankore. Kiswahili chake kilikuwa cha kujitafutia, lakini kilitosha. Alibonyeza kucha za mguu wangu moja moja, akatazama.

"Huyu mama iko na bahati. Mguu iko vibaya sana, lakini damu bado inafika kwa vidole."

Nikamwambia kwa meno yaliyobaki kwamba ndiyo, ninaye Bahati, amesimama pale mlangoni. Hakuelewa kwa nini nesi wa Kikongomani aliyekuwa pembeni alicheka huku analia.

Paja lilikuwa limevunjika pia, na mbavu mbili. Walinipasua, wakaweka chuma ndani ya paja, na chini ya goti wakaweka vyuma vya nje, vilivyopenya ngozi na kushika mfupa. Nilipoamka nilidhani wamenifunga kwenye fremu ya baiskeli. Niliwekewa mpira wa mkojo. Siku sita sikupata choo, tumbo likawa gumu kama ubao. Kuoga ni kupanguswa. Kujigeuza ni mpaka uite mtu. Dada yetu wa kanisa anayekaa Ruti, palepale Mbarara, Mama Neema, alikuja siku ya pili na beseni na sufuria, na hakuondoka. Alinisafisha kama mtoto mchanga, huku akinisimulia habari za majirani zake ili nisione aibu.

Bahati alikuwa amehojiwa na polisi. Walichukua mkia wa ndege wakauhifadhi, wakaandika maelezo yake, akasaini. Aliponieleza, aliutazama ukuta. Alisema ameandika kwamba kosa ni lake, kwamba yeye ndiye aliyetia msumari kwenye bawaba.

Nikafumba macho kama mwenye usingizi.

Jamani, maumivu ya mfupa nayajua, lakini yale ya siku zile yalikuwa na mlango mwingine. Kila alipoingia na uji, akipoza kijiko kwa pumzi yake kabla ya kunilisha, nilitaka kusema. Neno lilifika kwenye lile pengo la meno likarudi. Nikaanza kuwaza kwamba mguu huu ni adhabu yangu, acha uniume. Kwa hiyo ulipoanza kuniuma upya, maumivu ya kupiga kama moyo chini ya goti, sikumwambia nesi. Waliponiuliza asubuhi, nilisema siko na neno. Homa ilipokuja, nilisema ni baridi ya dirisha. Siku ya nne kukawa na harufu. Mimi niliijua harufu ile kabla yao, ni kama nyama iliyosahaulika kwenye mfuko. Nilijifunika shuka.

Mama Neema ndiye aliyeinua shuka. Alinusa, akafungua kitambaa cha kidonda, usaha wa kijani ukamtiririkia mkononi. Hakunifokea. Aliniuliza tu kwa upole ni siku ngapi. Nikamwambia nne. Akaenda kumwita daktari akikimbia, yeye ambaye hata kanisani huchelewa.

Daktari alikitazama kidonda, kisha akakaa kwenye kitanda changu, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Mfupa imeanza kuoza. Leo nakata hiyo kidogo imeoza, mguu inabaki. Ungengoja wiki moja, nakata yote. Kwa nini ulinyamaza?"

Wakanirudisha chumba cha upasuaji, wakatoa kipande cha mfupa na nyama iliyokufa. Wakaacha kidonda wazi, wakikiosha kila siku. Kuoshwa kule kulinifanya nimwite mama yangu, aliyekufa zamani. Baada ya wiki kadhaa nyama nyekundu ilianza kuota. Walitoa ngozi kwenye paja langu la kulia wakaibandika pale. Homa ikaondoka. Nikaanza kuona njaa.

Ilikuwa katika siku hizo za njaa nzuri ndipo akaja mama mmoja kutoka ofisi ya usafiri wa anga, amesafiri kutoka Entebbe. Jina lake Injinia Nakato. Alivaa viatu vya kazi, na Kiswahili chake alikipata Nairobi, alikotengeneza ndege kwa miaka mingi. Bahati alikuwa ameketi miguuni pangu. Yule mama alitoa mfuko wa plastiki, ndani yake bawaba moja iliyochanika na msumari uliokunjwa. Akauweka juu ya shuka.

"Mimi sikuja kufunga mtu," alisema. "Nataka kujua nini ilivunjika kwanza, na nani aligusa hii bawaba mwisho."

Bahati alianza kurudia yale aliyoyaandika. Alisema aliona pini moja imeliwa, akatafuta cha kuweka, akaweka msumari. Alisema vizuri, kama mtu aliyekariri. Nilimtazama masikio yake. Mume wangu akisema uongo masikio yake yanakuwa mekundu, na yalikuwa mekundu kama pilipili.

Nikasema, "Si yeye. Ni mimi niliweka ule musumari."

Nikaeleza yote, mshono uliolegea, pini iliyoanguka, makofi ya watu, jiwe. Nilingoja Bahati asimame aondoke. Yeye akauweka mkono wake juu ya mguu wangu mzima.

"Minajua," alisema. "Kesho yake nilirudi kuokota bipande. Nikakuta pini mu majani, na uzi yako pembeni. Nikajua."

Nikamuuliza kwa nini basi aliandika uongo.

"Ulikuwa na maumivu mingi. Mugonjwa habebeshwi muzigo."

Nililia, na mbavu zikaniuma, nikalia tena kwa sababu ya mbavu. Wiki zote zile yeye alikuwa ananificha mimi, na mimi nilikuwa najificha kwake, na kati yetu mguu ulikuwa unaoza.

Injinia Nakato alituacha tumalize. Kisha akasema jambo ambalo nimelishika mpaka leo. Alisema ile karatasi ya Bahati ilikuwa na upendo ndani yake, lakini ingeua mtu mwingine. Atakayeisoma angejifunza tu kwamba msumari si pini, na hilo kila mtu analijua. Ukweli unafundisha zaidi. Ndege ilikuwa imekaguliwa ikawa sawa, kisha mtu mwenye nia nzuri akafungua kitu kimoja baada ya ukaguzi, akakifunga peke yake, na hakuna jicho la pili lililotazama.

Akaichukua bawaba akatuonyesha. Hata pini ingekuwepo, alisema, bawaba hizi zingetuangusha siku nyingine. Bawaba ya mlango inajua kufunguka na kufungwa. Haijui kutetemeka na injini saa nzima. Bati lake ni laini, tundu linapanuka, linaanza kucheza. Msumari ulipotoka, bawaba mbili zikabeba mzigo wa tatu, na hizo mbili zikachanika kama karatasi. Kisha akamgeukia Bahati, akamwambia kwamba mabomba yake yameungwa vizuri, na kwamba ameona viwanda vinavyounga vibaya kuliko vile. Mume wangu aliinamisha kichwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia neno kama hilo tangu tulipotoka kwetu.

Bahati aliandika maelezo upya, na mimi nikaandika yangu nikiwa nimelala. Polisi walituonya, tukasaini kwamba ndege haitawashwa tena bila ruhusa, na jambo likaishia hapo.

Nilitoka hospitali nikiwa na vyuma bado, nikakaa Ruti kwa Mama Neema ili niwe karibu na kliniki. Bahati alirudi Nakivale kwa Furaha na mahindi, na kila Jumamosi alikuja na binti yetu. Aliniletea mihogo aliyoichoma mwenyewe, imeungua upande mmoja. Niliila yote.

Mwalimu wangu wa mazoezi alikuwa kijana mrefu aitwaye Tumwine. Vyuma vilipotolewa, mguu wangu ulikuwa mwembamba kama mwiko, goti limekaza kama lililopigwa gundi. Tumwine alikuwa akilikunja kidogo kidogo, na mimi nilikuwa nikimtukana kwa lugha yetu ya nyumbani ambayo haijui. Siku moja nilikataa kusimama. Nilimwambia afanye yeye, maana ndiye anayelipenda zoezi. Akaniketisha, akaketi na yeye.

"Mama, hii mguu bado ni yako. Mimi naweza kukunja, naweza kupaka mafuta. Kutembeza, ni wewe."

Nikasimama. Hatua nne siku hiyo, na jasho la shamba zima. Alipojua kazi yangu alifurahi, akasema nikirudi kwangu nisikimbilie mashine ya umeme. Cherehani ya kukanyaga kwa miguu itakuwa dawa yangu. Na ilikuwa kweli. Nilianza kwa kukanyaga dakika chache, kifundo kikivimba, nikipumzika na mguu juu ya kiti. Vazi la kwanza nililolimaliza lilikuwa sare mpya ya Furaha. Pindo lake limepinda. Alikataa nilirekebishe, akaenda nalo shuleni hivyohivyo akiwaambia wenzake mama yake amelishona kwa mguu wa chuma.

Kuhusu ndege, najua mtauliza, kwa hiyo nawaambia. Bahati hakuigusa karibu mwaka mzima. Alikuwa akipita kando ya turubai lililofunika mabaki yake kama mtu anayepita kaburini. Mimi ndiye niliyemwambia ampigie simu Injinia Nakato. Yule mama akamtumia orodha ndefu, na safari hii hatukuruka ukurasa. Furaha anatusomea Kiingereza, sisi tunaandika kwa Kiswahili kwenye daftari. Bawaba zimekuwa za chuma kinachofaa, nne badala ya tatu, kila pini na gupiye yake mpya, maana ya zamani ikishakunjwa hairudiwi. Kitambaa hakipandi mpaka ndani pakaguliwe. Uwanja uwe mbali na watu. Na atakayerusha mara ya kwanza ni rubani mwenye leseni, si mimi. Hapo nilinuna siku mbili, Bahati akanicheka.

Lakini katika lile daftari kuna mstari wa jicho la pili, na jina lililoandikwa pale ni langu. Bahati akifunga kitu, mimi nakuja na mkongojo wangu kukikagua. Mwezi uliopita nilipitisha kidole kwenye pini moja nikaona inacheza.

Nikamwambia, "Baba Furaha, hii hapana."

"Inacheza kidogo tu."

"Hiyo kidogo tu nililala nayo miezi saba."

Akaitoa. Injinia Nakato alipokuja kuukagua mkia mpya, alikaa nao asubuhi nzima, akausukuma, akauvuta, akatia sahihi kwamba sehemu hiyo imekubalika. Mabawa bado, injini bado, cheti chenyewe bado. Huenda ikaruka, huenda isiruke. Bahati ameacha kuhesabu.

Namshukuru Mungu aliyeniokota kwenye majani. Nawashukuru daktari aliyehesabu kucha zangu, Mama Neema aliyeinua shuka, Tumwine niliyemtukana, na yule mama wa Entebbe aliyetaka ukweli wala hakutaka mtu wa kufunga. Namshukuru mwenye maziwa aliyeiacha kazi ya siku nzima kwa ajili ya mgeni. Na Bahati nimekwisha kumshukuru, ananiambia sasa nimezidisha.

Ninyi mliolala, shauri langu ni fupi. Kidonda kikinuka, sema siku hiyohiyo. Usimhurumie nesi, usijihukumu mwenyewe, usiseme ni baridi ya dirisha. Na kama una neno ambalo mtu anayekupenda amelibeba kwa niaba yako, lipokee mikononi mwake mapema, hata kama umelala, hata kama meno hayajatimia. Mifupa inaunga vizuri zaidi baada ya hapo. Sijui daktari atasema nini juu ya hilo, lakini wangu ndivyo ulivyounga.

Baridi ikija mguu unaniuma, na mvua naijua kabla ya wengine. Nikitoka kanisani na Bahati yeye hupunguza hatua zake bila kuambiwa, na mimi huongeza zangu kidogo, na watu wanaotutazama kwa nyuma wanasema hawawezi kujua ni nani kati yetu anayechechemea.